Port haitoki Porto: tuliyoambiwa kabla ya kwenda kuonja, na tuliyoyakuta

Hii nimekaa nayo muda mrefu nikisema nitaiandika, leo naiandika. Mimi na rafiki yangu wa Mombasa tulikuwa tunazunguka Ureno na mabegi mgongoni, hosteli za vitanda vya dabo deka, mchana mkate na jibini, na siku moja tuliitenga kabisa kwa ajili ya mji wa Porto na mvinyo wake mtamu unaoitwa port. Kabla hatujafika kila mtu alikuwa na la kutuambia, wengine hata hawajawahi kukanyaga huko, na sehemu kubwa ya tuliyoambiwa kumbe sio kweli. Nayaandika jinsi yalivyotujia siku yenyewe kuanzia asubuhi, na naanza na lile lililotupotosha kwanza.

"Port inatengenezwa Porto, ndo maana ikaitwa hivyo"

Hapana. Jina ni la bandari iliyokuwa inaisafirisha. Zabibu zenyewe zinalimwa huko juu kwenye bonde la mto Douro, kama kilomita 100 mashariki mwa Porto, maeneo ya Régua na Pinhão, kwenye milima ya mawe ya vibapa ambayo watu waliichonga ngazi ngazi kwa mikono kizazi baada ya kizazi mpaka UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Ni kama karafuu, mti unaota Pemba, meli inapakia Unguja, sifa inabaki Unguja.

Na hata baada ya kushuka na mto, mvinyo hauendi Porto. Unaenda Vila Nova de Gaia, ambao ni mji mwingine kabisa ng'ambo ya mto, una halmashauri yake. Ukisimama Ribeira, ule mtaa wa zamani wa Porto ulio kando ya maji, ukaangalia ng'ambo, unaona mapaa ya vigae vyekundu na juu yake majina makubwa makubwa, Sandeman, Graham's, Taylor's, Cálem. Hayo ni maghala ya nyumba za mvinyo, yaani kampuni zinazoutengeneza, na yote yako Gaia. Kwa hiyo mtu anayekuja kuonja mvinyo wa Porto lazima kwanza aondoke Porto, avuke daraja, na hili wenzetu wengi hosteli walikuwa hawalijui, kuna kijana alizunguka asubuhi nzima upande wa Porto anauliza maghala yako wapi.

Kwa nini Gaia? Hali ya hewa tu. Bondeni kule kiangazi ni moto, wenyewe wana msemo kwamba kwao ni miezi 9 ya baridi na miezi 3 ya jehanamu. Gaia iko karibu na Atlantiki, hewa ina ubaridi na unyevu, mteremko wake umetazama kaskazini kwa hiyo jua haliupigi sana, mvinyo unaweza kukaa miaka na miaka bila kuungua. Halafu sheria nayo ikakazia hapo hapo, mpaka mwaka 1986 port ya kuuzwa nje ilikuwa lazima ipitie Gaia, ndo baada ya hapo mkulima wa bondeni akaweza kuuza nje moja kwa moja kutoka shambani kwake. Mimi hili liliniuma kidogo nikimfikiria mkulima mdogo wa mlimani, miaka yote hiyo analima yeye na mlango wa kutokea uko kwa mwingine.

"Lile daraja kajenga Eiffel"

La Eiffel, yule wa mnara wa Paris, ni Maria Pia, la mwaka 1877, liko mbele kidogo kuelekea mto unakotoka na lilikuwa la treni. Lile ambalo kila mtu analipiga picha, Dom Luís I, lilifunguliwa mwaka 1886 na aliyelichora ni Théophile Seyrig, aliyewahi kuwa mshirika wa Eiffel. Lina njia mbili, ya juu na ya chini. Pita ya juu asubuhi, metro inapita hapo hapo pembeni yako taratibu, ukifika upande wa Gaia kuna bustani ya Jardim do Morro, kisha unateremka kwa miguu mpaka kwenye maghala. Kuna waya wa vibehewa vya angani vya kulipia, ila mwenye begi mgongoni na miguu mizima hana haja ya kutoa hiyo hela.

"Port ni tamu kwa sababu wanamimina sukari"

Hii niliisikia kuliko zote, na ndo niliyoenda nayo mimi mwenyewe kichwani. Hamna sukari inayomiminwa.

Anayelijua tembo la mnazi ataelewa haraka. Likigemwa asubuhi ni tamu, mchana linaanza kuchangamka, jioni limekuwa kali na utamu wote umeisha, kwa sababu chachu imeila sukari na kuigeuza kilevi. Sasa watu wa Douro wanachofanya ni kama kulisimamisha saa ile ya mchana. Zabibu zikishakanyagwa zinaachwa zichachuke siku 2 au 3 hivi, sukari nyingi bado imo, hapo wanamimina pombe kali ya zabibu isiyo na rangi, imepikwa kwa mvuke kama gongo inavyopikwa, wao wanaiita aguardente na ina asilimia 77 ya kilevi. Chachu inakufa. Utamu unaobaki ni wa zabibu yenyewe, haujatoka dukani. Ndo maana port inafika asilimia 19 mpaka 22 wakati waini ya kawaida ya mezani inachezea 12 mpaka 14, na ndo maana glasi zake ni ndogo, sio ubahili.

Dada aliyetuzungusha ghalani alitupa na hesabu. Lita 435 za juisi inayochacha, lita 115 za aguardente, jumla lita 550. Akagonga ubao wa chombo kimoja pale kwa kiganja, mweusi kwa uzee, akasema hiyo 550 ndo ujazo wake, "uma pipa".

Rafiki yangu akanishika mkono. "Umesikia? Amesema pipa!"

Yule dada akashangaa kwa nini tumesimama. Tukamwambia kwetu pwani chombo hicho kinaitwa pipa vile vile, kilichomo ndani ni mvinyo, unachonywea ni kopo, unapokiweka ni meza. Akayarudia polepole kwa kwao, pipa, vinho, copo, mesa, akacheka, akasema miaka yote anatembeza wageni hajawahi kuambiwa. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, na waliyoyaacha kwetu mengi ni machungu, ila maneno yalibaki tukayafanya yetu mpaka hatuyajui tena kama yalikuwa ya wageni. Na yule mwana wa mfalme aliyezigharamia safari zao za mwanzo za kushuka pwani ya Afrika, Infante Dom Henrique, amezaliwa Porto hapo hapo mwaka 1394, Casa do Infante iko jirani tu na Ribeira. Tulikaa kimya kidogo wote watatu. Mimi nimekulia Dodoma, nimeona zabibu maisha yangu yote, mashamba yanayovunwa mara mbili kwa mwaka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza neno mvinyo limetoka wapi.

Kuhusu kukanyaga: ndio, nyumba nyingine mpaka leo zinakanyaga kwa miguu, hasa kwa mvinyo wao wa juu kabisa, kwenye mabeseni makubwa ya mawe yanayoitwa lagares. Sio uchafu. Mguu unaiponda ganda bila kuvunja mbegu, na mbegu ikivunjika inatoa uchungu. Siku hizi kuna na mashine zilizotengenezwa kuiga mguu wa mtu, ujue kazi ya mguu ilikuwa nzuri kiasi gani.

"Ruby ni ya bei poa kwa wasiojua, tawny ndo ya wajuzi"

Hapa nikae kidogo maana hapa ndo watu wengi wanapotea na kupoteza hela.

Ruby na tawny ni aina mbili za port, na zinaweza kutoka zabibu zile zile, shamba lile lile. Tofauti ni malezi. Ruby inakaa kwenye matangi makubwa ya maelfu ya lita, hewa inayogusana nayo ni ndogo, inabaki na wekundu wake na harufu ya tunda. Tawny inakaa kwenye yale mapipa ya lita 550, mbao zinavuta hewa kidogo kidogo, kila mwaka sehemu inapotelea hewani, wekundu unafifia unakuwa kahawia. Ukiingia ghalani ile harufu inayokupiga mlangoni ndo huo mvinyo unaoondoka.

Yule dada alituwekea glasi mbili juu ya karatasi nyeupe. Ya kwanza ruby, nyekundu nzito huwezi kuona kidole upande wa pili, harufu yake mimi iliniletea zambarau, zile zilizoiva mpaka zinapasuka chini ya mti. Ya pili tawny ya miaka 20, rangi ya chai ya rangi, ukiinamisha glasi ukingo wake unageuka wa machungwa. Nikanusa. Kashata ya karanga ikiwa bado ya moto, tende, na ganda la chungwa lililokauka juani. Rafiki yangu hanywi, ila alinusa zote mbili kwa muda mrefu kuliko mimi, na ni yeye aliyesema tende kabla yangu.

Sasa hiyo "miaka 20" nayo watu wanaielewa vibaya. Sio kwamba kila tone limekaa miaka 20. Ni mchanganyiko wa mvinyo wa miaka tofauti tofauti unaotakiwa uwe na tabia ya tawny ya umri huo, na kuna taasisi ya serikali, IVDP, ina waonjaji wake wanaopitisha au kukataa, ukiangalia shingo ya chupa utaona kile kikaratasi cha muhuri chenye namba. Ukitaka tawny ya mwaka mmoja tu tafuta neno colheita, hiyo imekaa kwenye pipa miaka isiyopungua 7.

Na vintage ni kitu kingine tena, hiyo ni ya mwaka mmoja uliokuwa mzuri sana, inakaa miaka 2 au 3 tu kisha inatiwa kwenye chupa na uzee wake wote inauzeekea humo, miaka 20, 30, 50. Hawaitoi kila mwaka. Wazee wa Gaia wakitaja 1963, 1977, 1994 au 2011 wanazitaja kwa heshima kama sisi tunavyotaja mwaka wa mvua kubwa.

Kutokana na hiyo watu wanadhani kila port ukiiweka kabatini inazidi kuwa nzuri, na pia kwamba ukishaifungua inakaa tu maana ina kilevi kingi. Vyote viwili sio. Ruby ya kawaida na tawny zinatoka zikiwa tayari, ukizikalisha hujaziongezea kitu. Na kuhusu kufungua, tawny inaweza kukaa wiki kadhaa ukiihifadhi kwenye baridi, lakini vintage ikifunguliwa ina siku moja, mbili, basi. Hili tumelilipia. Watu wanne wa hosteli tulichanga tukanunua chupa moja ya vintage kwenye kaduka kamoja, tukamuuliza muuzaji kabisa, akasema msijali hii ni port inakaa tu, tukanywa kidogo kidogo na kuibeba mpaka Lisbon, siku ya 9 tunaifungua haina harufu, imekufa. Hela ya watu wanaokula mkate na jibini. Angesema neno moja tu tungeimaliza usiku ule ule kwa furaha, na bado nasikitika nikikumbuka.

"Port ni ya Waingereza"

Majina yanakudanganya, ni kweli mengi ni ya Kiingereza na Kiskoti, na ni kweli mkataba wa Methuen wa mwaka 1703 ulishusha ushuru wa mvinyo wa Kireno kule Uingereza chini ya ule wa Kifaransa, biashara ikapaa. Lakini nyumba kongwe kuliko zote, Kopke ya mwaka 1638, ilianzishwa na Mjerumani. Aliyeweka mipaka ya eneo la mvinyo mwaka 1756 ni Mreno, Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, akaweka na nguzo za mawe za kuonyesha shamba gani limo na lipi halimo, na akaamuru miti ya kule inayoitwa sabugueiro, ambayo wajanja walikuwa wanatumia tunda lake jeusi kupaka mvinyo rangi, ing'olewe. Na siku hizi Wafaransa kwa miaka mingi ndo wamekuwa wanunuzi wakubwa.

Anayestahili kutajwa na hatajwi vya kutosha ni Dona Antónia Adelaide Ferreira, 1811 mpaka 1896. Mjane aliyechukua mashamba akayaongeza, mizabibu ilipoliwa na wadudu wa phylloxera yeye akaendelea kuwekeza na kununua. Mwaka 1861 mtumbwi aliopanda na wenzake ulipinduka kwenye maporomoko ya Cachão da Valeira, Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyechora ramani ya mto huo huo, akazama, Dona Antónia akatoka salama, na mpaka leo inasimuliwa kwamba lile gauni lake pana ndo lililomfanya aelee juu ya maji.

"Zile boti za mapipa zinaleta mvinyo kila siku"

Zinaitwa rabelos, nzuri sana kwa picha, na zile za siku hizi zinabeba sisi watalii au zimeegeshwa tu. Kwanza reli ilizinyang'anya kazi, halafu malori, halafu mabwawa ya umeme yakakata mto. Mvinyo unakuja kwa lori.

"Kuonja ni kwa matajiri na wataalamu"

Tuliingia na kaptula na raba zenye vumbi, hakuna aliyetuangalia mara mbili. Ziara ya kawaida yenye glasi mbili tatu mara nyingi iko kati ya euro 15 na 30, bei inapaa ukitaka za miaka mingi. Ghala mbili kwa siku zinatosha, ya tatu ulimi hausikii tena chochote. Kula kwanza, kitu kizito, na maji katikati, maana asilimia 20 kwenye jua la mchana haina huruma. Kutema sio utovu wa adabu, chombo cha kutemea unaomba unapewa, na wanaoifanya hii kazi kila siku ndo wanaotema zaidi. Mezani ukiwekewa mkate na zeituni ambazo hukuagiza, ujue ukizila unalipia, sema hapana mapema, hawakasiriki.

Na vinho verde sio ya kijani, wengi wanaiomba wakitegemea rangi. Inatoka kaskazini huko jirani, nyingi ni nyeupe, changa, nyepesi, ina vipovu kidogo, na mtu wa Porto siku ya joto ana uwezekano mkubwa wa kuwa na hiyo au bia mkononi kuliko port.

"Asubuhi nenda mashambani, jioni onja Gaia"

Usijaribu. Treni mpaka Pinhão ni kama saa mbili na nusu kwenda tu. Ipe siku yake, kaa dirisha la kulia unapopanda bonde, mto utakuwa na wewe, na ukishuka Pinhão usikimbilie nje, kuta za stesheni zina vigae vilivyochorwa mavuno ya zabibu.

"Utainunua utaweka kwenye begi lako la mgongoni"

Mwenye begi la kuingia nalo ndani ya ndege tu, chupa ya mililita 750 mara nyingi itaishia kwenye ukaguzi. Inunue baada ya ukaguzi, au inywee huko huko.

"Kama hunywi, huna la kufanya kule"

Wasomaji wengi wa huku hawanywi na hili naliandika kwa ajili yao. Rafiki yangu alipanda daraja bure, akakaa nusu saa mbele ya vigae vya stesheni ya São Bento, kama 20,000 vile, akaingia ghalani akauliza maswali mengi kuliko wote, kuhusu mbao, kuhusu wanaokanyaga wanalipwaje, kuhusu akina mama wa mavuno. Muongozaji alimjibu yeye kwanza kila wakati.

Jioni tukakaa Cais de Gaia, kando ya mto, mimi na port nyeupe iliyochanganywa na toniki na barafu, lozi za chumvi katikati, taa za Ribeira zinaanza kuwaka ng'ambo. Yeye alikuwa na kiu. Nikataka kuinuka nikamwagizie kwa Kiingereza, akanizuia, akaenda mwenyewe mpaka kaunta, neno água kajifunza asubuhi ile na lile lingine alitoka nalo nyumbani. Akasema, "Kopo, água." Mzee wa kaunta akajaza glasi ya maji akamsogezea.